Gemu Isiyo na Jina

Kama hujawahi kukesha na RPG, ni hivi: wewe ndiye mhusika, unasafiri, unapiga gumzo na wanakijiji, unapigana, unapata nguvu kidogo kidogo, na hadithi inaweza kukula saa 40. Kwenye vibanda vya PlayStation pale Ukunda huzikuti, maana nani atalipia saa 40? Huko ni mpira tu. Mimi nilizijulia kwenye kompyuta ya binamu yangu, na ya kwanza ilikuwa Final Fantasy VII. Nikahangaika kutafuta zile sita zilizotangulia, kumbe wala hazikuhitajika. Karibu kila namba ni ulimwengu mwingine na watu wengine.

Wamarekani wenyewe walichanganywa. Ya nne iliuzwa kwao mwaka 1991 kama ya pili, kwa sababu ya pili na ya tatu za Japani hazikuwa zimevuka bahari. Ya sita ikaitwa ya tatu. Halafu 1997 ikaja VII, na mchezaji wa Chicago akaruka kutoka tatu hadi saba, ati ni kawaida.

Na hilo jina lenyewe? Hironobu Sakaguchi, aliyeanzisha mfululizo huo katika kampuni ya Square mwaka 1987, aliwahi kueleza kwamba walichotaka hasa ni F mbili, zinazotamkika vizuri Kijapani. Fighting Fantasy lilikuwa limeshachukuliwa, wakaweka Final. "Ya mwisho", na ya XVI imetoka 2023! Wenzao wa Enix walikuwa na Dragon Quest tangu 1986, lakini Marekani ilibidi iitwe Dragon Warrior, maana kule jina lilikuwa na mwenyewe, gemu moja ya mezani. Walilitumia jina lao huko mwaka 2005 tu, wakati kampuni hizo mbili zimeshaungana.

Nimeyachimba haya kwa sababu mimi na binamu tunaunda yetu. Yeye anaandika kodi kwenye Godot, ambayo ni ya bure, mimi naandika hadithi: msichana wa Msambweni anayetafuta njia ya kurudi kwao. Steam wanataka dola 100 ndipo uweke gemu yako dukani, na ukurasa wa duka haujazwi bila jina.

Binamu anataka Kaya Kinondo. Namwelewa. Msitu upo hapo Diani, kaya za Wamijikenda zimo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008, na jina linabaki kichwani. Tukampelekea bibi.

"Mjukuu wangu, kwenye huo mchezo watu hufa?"

"Wanakufa, bibi, halafu wanafufuka."

"Wafe kayani?"

Tukanyamaza. Ukiingia Kinondo unajifunga kaniki nyeusi, na hutoki na hata jani.

"Na huyo anayebonyeza huko Ulaya, kaniki yake atafungwa na nani?"

Nikamwonyesha binamu Aurion, RPG ya Kiro'o Games kutoka Kamerun iliyotoka 2016. Ufalme wa Zama wameubuni wenyewe, na bado ukiutazama unajua hapa ni Afrika. Wesley Kirinya naye, Mkenya, gemu yake ya 2007 aliipa jina la msichana, Nyangi. Hakuna mzee wa kuombwa ruhusa.

Binamu hakukubali. "Sawa, tubuni. Halafu siku moja kampuni ya mbali ilisajili jina la Kinondo, sisi tubaki kina Dragon Warrior nyumbani kwetu?" Hoja hiyo ina uzito, bana, na sijapata jibu lake. Lakini bado nasimama na bibi. Kulinda jina ni kazi moja, kulipigia bei ni nyingine, na sisi dola 100 zenyewe hatujazipata.

Kwa sasa faili kwenye kompyuta linaitwa mpya2. Bibi anataka kujua kama yule msichana ameshakula.