Saa mbili usiku ya Kariakoo

Hivi mmeshamwona mtengeneza programu wa siku hizi akiwa kazini? Haandiki sana. Anaieleza akili mnemba anachotaka, anasubiri kidogo, mistari mia mbili inashuka kwenye kioo. Mambo yamekuwa hivi tangu GitHub Copilot ilipotoka mwaka 2021 na ChatGPT mwishoni mwa 2022. Mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na wale wanaochukua kila kinachoshuka na kukipeleka dukani kwa mteja bila kukisoma.

Nina mshikaji anayetengeneza programu za mauzo kwa wenye maduka Kariakoo. Juzi alikuwa na kazi ya duka moja la vitenge. Akaiandikia ile mashine, kwa Kiswahili, kwamba mauzo ya mchana yafungwe saa mbili usiku. Ikaandika 02:00.

Unacheka? Kwetu saa mbili usiku ni 20:00, hata mtoto anajua. Lakini mashine imefundishwa zaidi kwa maandishi ya watu wanaohesabu saa kwa namna nyingine. Na kosa kama hili halipigi kelele. Programu inafanya kazi vizuri tu. Sasa fikiria: tangu mwaka 2025 Kariakoo ina biashara ya saa 24. Dada wa zamu ya mchana anaondoka saa mbili, mauzo ya mwenzake wa usiku yanaendelea kuingia kwenye hesabu yake. Asubuhi kompyuta inasema aliuza zaidi ya pesa aliyokabidhi. Nani ataitwa mwizi? Si kompyuta.

Mshikaji alilinasa kabla halijafika dukani kwa sababu ana mazoea mazuri. Kabla ya kuomba chochote huandika majaribio yake mwenyewe: mauzo ya saa 19:30 yaangukie wapi, ya saa 20:30 yaangukie wapi. Haachi mwanafunzi asahihishe mtihani wake mwenyewe. Anaomba kipande kidogo, anakisoma mstari kwa mstari, kikipita anakihifadhi kwenye Git, ili kikiharibika arudi nyuma. Anaangalia namba za simu zimewekwa kama maandishi, maana zikiwekwa kama tarakimu za hesabu, ile sifuri ya mwanzo inapotea. Na orodha ya wadaiwa wa dukani haibandiki kwenye mashine hata siku moja, anatumia majina ya kubuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 si pambo.

Kwenye ujenzi tuna saidia fundi. Anachanganya zege, anapandisha matofali, pengine ana nguvu kumshinda fundi. Lakini timazi anashika fundi, na ukuta ukipinda anaulizwa fundi.

Kwa hiyo wewe unayejiita mtaalamu, jiulize swali moja kabla hujaenda kuweka programu kwenye duka la mtu. Yule dada akiambiwa pesa haitimii, utaweza kumwonyesha mstari unaohusika na kumweleza unafanya nini? Kama huwezi, rudi nyumbani ukausome kwanza.