Hazisomi au Hazishiki?

Tangu zamani Kiswahili kina wifi mmoja. Mke humwita hivyo dada wa mumewe, naye dada huyo humrudishia mke wa kaka yake jina lilo hilo. Ni neno la kuitana, halina mkubwa wala mdogo. Miaka hii amebisha hodi wifi wa pili. Wengi humtamka "waifai", lakini akiandikwa ukutani mwa mgahawa au mlangoni pa nyumba ya wageni, herufi zake ni zile zile nne. Jina hilo la Wi-Fi si kifupisho cha maneno yoyote. Lilibuniwa mwaka 1999 na wataalamu wa majina ya biashara, kwa kuwa jina rasmi la kiwango chenyewe, IEEE 802.11, lisingekaa vinywani mwa wanunuzi. Kiwango hicho kilikuwa kimekwisha kuchapishwa tangu 1997.

Sikuja hapa kulalamikia mgongano huo. Lugha iliyombeba paa wa mwituni na paa la nyumba bila kuteguka kiuno haitashindwa kuwabeba mawifi wawili. Nimekuja kueleza jinsi vitenzi viwili vya mitaani, kusoma na kushika, vilivyoamua kama nyumba yangu itakaa kimya au itasema.

Mawifi wote wawili ninao nyumbani. Wifi wa kwanza, dada wa marehemu mume wangu, amepoteza nuru ya macho kwa maradhi yale tunayoyaita presha ya macho. Kaka yake alikuwa mtu wa mashairi. Alizoea kuyaghani na kuyanasa kwenye kaseti, na kabla hajafariki kijana wetu alizihamishia sauti hizo kwenye simu yangu. Marehemu mwenyewe ndiye aliyenunua spika mbili zisizo na waya, mwaka 2016. Moja iko sebuleni, ya pili chumbani kwa dada yake. Kila jioni mimi hubonyeza simu, sauti hupita katika mtandao wa nyumba, na ndugu wawili hukutana kwa njia iliyobaki. Kusikiliza kwenye simu yenyewe hakumfai. Sauti yake ni nyembamba, na masikio ya wifi nayo yamechoka.

Ndipo tukahamia mtandao wa mkongo. Fundi wa kampuni akaja, akafunga ruta mpya, akaiondoa ya zamani, akaiunganisha simu yangu, akaaga. Intaneti ilikwenda mbio kweli kweli. Spika zikabaki zinapepesa taa ya rangi ya chungwa, mfano wa mtu anayetaka kusema na kauli imemkauka. Jioni ya kwanza wifi alinyamaza. Jioni ya pili akauliza, "Wifi, kaka kahamia wapi?"

Nilimpigia fundi simu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mama, ruta mpya haizisomi spika hizo, ni za zamani. Nunua nyingine." Mjukuu wangu wa kidato cha tatu, aliyekuwa ameinama juu ya spika ya sebuleni, alisema vingine: "Bibi, spika hazishiki mtandao."

Wasomaji wa ukurasa huu wataona mara moja tofauti ya sentensi hizo mbili. Katika ya fundi, ruta ndiyo kiima. Yenye kutenda ni ruta, na spika ni shamirisho linalosubiri kusomwa. Katika ya mjukuu, spika ndizo zinazotenda, nazo zimeshindwa. Ukikubali ya kwanza, huna la kufanya ila kwenda dukani. Ukikubali ya pili, unabaki na swali: zimeshindwa wapi, na kwa nini?

Ukweli wa mambo uko upande wa mjukuu. Ruta haiendi kumtafuta mtu. Hutangaza jina la mtandao wake, kwa kawaida kama mara kumi kila sekunde, kwa yeyote mwenye kusikia. Chombo kinachotaka kuingia, kiwe simu, runinga au spika, husikiliza matangazo hayo, hutambua jina kinalolijua, hubisha hodi, huthibitisha kuwa kinaijua nywila, kisha hupewa anwani ya kukaa humo. Huo ni utaratibu ule ule wa hodi na karibu tuliolelewa nao. Anayesema ruta haizisomi spika anamtaka mwenye nyumba atoke barabarani kutafuta wageni.

Mwalimu wa ushairi hasahihishi shairi kwa kuandika pembeni "halipendezi". Hutazama mizani, kisha vina, kisha muwala, kila jambo kwa zamu yake, ili mwanafunzi ajue ubeti umeteguka wapi. Nilimwambia mjukuu tufanye hivyo hivyo. Mgeni aliyeko nje ana sababu nne tu za kutoonekana sebuleni: halijui jina la nyumba, hausikii wito, ufunguo wake haulingani na kitasa, au ameingia lakini amewekwa chumba kingine.

Sababu ya kwanza ilikuwa dhahiri. Spika hukumbuka jina na nywila ya mtandao ziliofundishwa, na zetu zilikuwa bado zinauita mtandao uliokwisha kuondoka. Hapa pana njia ya mkato inayowafaa wengi: ipe ruta mpya jina lile lile la zamani na nywila ile ile, herufi kwa herufi, kubwa kwa ndogo. Mambo mengine yakiwa sawa, vyombo vyote vitarudi vyenyewe. Mimi sikuichagua, kwa kuwa nywila yetu ya zamani ilikuwa imekwisha kuwa mali ya mtaa mzima. Tukabonyeza kitufe cha spika ya sebuleni bila kukiachia mpaka taa ikabadilika, maana yake imesahau yote na iko tayari kufundishwa upya kwa programu yake iliyo katika simu.

Hapo sababu ya pili ikajidhihirisha. Programu ilituorodheshea mitandao ambayo spika inaisikia. Tukaona jina la jirani wa kulia, la jirani wa kushoto, hata la duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Jina letu, ambalo ruta yake iko hatua nne kutoka pale, halikuwemo.

Waliokulia na redio wataelewa. Redio isiyo na bendi ya mita 19 haiwezi kukamata kituo kilichoko kwenye bendi hiyo, hata kama mtambo umejengwa uani. Mtandao wa nyumbani nao una bendi zake, na mbili zilizoenea ni ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Wimbi la kwanza lina urefu wa sentimita kama 12 na nusu, la pili kama 6. La pili hubeba mengi kwa kasi lakini huchoka haraka mbele ya kuta, na la kwanza ni la polepole lakini hupenya zaidi. Vyombo vingi vidogo vya zamani, spika zetu zikiwemo, husikia 2.4 peke yake. Tulifungua ukurasa wa ruta kwa kompyuta ya mjukuu iliyounganishwa kwa waya, tukiandika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, kwetu 192.168.1.1. Tukakuta bendi ya 2.4 imezimwa. Fundi aliizima, alivyoeleza baadaye, "ili mpate kasi". Tukaiwasha na kuipa jina lake la pekee, ili tusiichanganye na ile nyingine. Mara jina letu likachomoza kwenye orodha, juu kabisa.

Tukaandika nywila. Ikakataliwa. Tukaiandika tena, mjukuu akiisoma kwa sauti na mimi nikibonyeza, herufi moja moja kama imla. Ikakataliwa tena. Nywila sahihi inapokataliwa mara mbili, acha kuitilia shaka nywila na uanze kukitazama kitasa. Ulinzi wa mitandao hii una vizazi. Kile kiitwacho WPA2 kilianza 2004, na WPA3 kilitangazwa 2018. Spika zilizonunuliwa 2016 zitajuaje lugha iliyozaliwa miaka miwili baadaye? Ruta ilikuwa imepangwa kupokea WPA3 peke yake. Katika sehemu ya usalama palikuwa na chaguo la kuchanganya vizazi hivyo viwili, kila chombo kikapokewa kwa lugha inayoijua. Tukalichagua. Sikukubali kuuondoa ulinzi wote, ingawa kuna wanaoshauri hivyo. Nyumba isiyo na kitasa haimkaribishi mgeni peke yake.

Taa ya chungwa ikazima, ikawaka nyeupe, ikatulia. Tukaifuatisha na ya chumbani. Kwenye orodha ya ruta majina ya spika zote mbili yakasimama yakiwa na anwani zao. Zimeshika! Lakini programu ya simu yangu ikaendelea kusema hakuna spika yoyote humu ndani.

Basi ikabaki sababu ya nne, na kwa hiyo jibu likawa karibu. Kwenye orodha ile ile, simu yangu ilikuwa imeandikwa peke yake chini ya kichwa kisemacho "wageni". Ruta nyingi huwa na mtandao wa pili kwa ajili ya wapita njia. Aliye humo hupewa intaneti, lakini hufichwa vyombo vya wenye nyumba. Fundi alikuwa ameniunganisha huko, mimi mwenye nyumba! Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ruta haiijui methali hiyo, na mgeni wake hubaki mgeni hata akikaa mwaka. Nikahamisha simu kwenye mtandao wa nyumba. Kwa kuwa bendi zote mbili za nyumba ni za ukoo mmoja, simu iliyoko kwenye 5 na spika zilizoko kwenye 2.4 zilionana mara moja.

Wifi alikuwa ameketi kitandani, tasbihi mkononi. Sikumwambia neno. Nilibonyeza ile kaseti ambayo marehemu anaanza kwa kukohoa na kumwomba mtu afunge dirisha. Wifi aliposikia kikohozi alisimamisha tasbihi. Akasikiliza beti zote mpaka mwisho, kisha akasema, "Dirisha lenyewe hakulifunga mtu. Mimi ndimi nilikuwa nimekaa karibu, nikapuuza." Katika miaka yote niliyoisikiliza sauti hiyo, sikuwa nimejua aliyeombwa ni nani.

Siku ya pili yake aliniita niandike. Alikuwa ametunga ubeti usiku, akijitia katika nafsi ya spika:

Hodi nabisha mlango, hodi niitikieni,
Sina kisu wala nyongo, mie mwenzenu wa ndani,
Mmegeuza mpango, mwanipita barazani,
Sauti yaziba pengo, nipeni njia nyumbani.

Nilihesabu mizani kwa mazoea ya kazi: nane kwa nane, vina vimekaa. Hajawahi kuiona ruta, lakini mstari wa tatu unaeleza maradhi ya nyumba yetu vizuri kuliko fundi alivyoyaeleza.

Liko jambo moja la nyongeza kwa wanaoishi mahali umeme unapokatika. Umeme ukirudi, spika huamka haraka, ilhali ruta huchukua dakika kadhaa kabla ya kuanza kutangaza jina. Spika nyingine hubisha, husikia kimya, hukata tamaa. Basi usianze kuzifundisha upya. Zichomoe, ngoja taa za ruta zitulie, kisha uzichomeke tena. Mwenye nyumba aamke kwanza, ndipo wageni wabishe hodi.

Na kwa walio walinzi wa lugha nina ombi. Tumejitahidi kutafuta majina ya vyombo. Wapo wanaosema ruta, wapo wanaosema kisambaza mtandao. Spika tumeiazima huku tukijua anayeongoza Bunge naye ni Spika, na kipaza sauti tumekitwisha kazi ya kupokea sauti na ya kuitoa. Ni mjadala mzuri, lakini jina la chombo halikutuponya. Kilichotuponya ni kitenzi, kwa sababu kitenzi ndicho kinachosema nani anamtenda nani. Mitaa imetupa "haisomi" na "haishiki", nao vijana huvitumia kana kwamba ni kimoja. Mimi ningependa vitenganishwe: kushika kiwe cha chombo kinachoingia mtandaoni, kusoma kiwe cha chombo kinachokiona chenzake kikiwa tayari kimo ndani. Kwa kipimo hicho, siku tatu za mwanzo spika zangu zilikuwa hazishiki, na siku ya nne, kwa muda wa nusu saa, simu ilikuwa haisomi. Hayo ni maradhi mawili, na dawa zake ni mbili.

Kwenu huko, Mombasa, Unguja, Bukavu au Maskati, mnasemaje chombo kinapobisha hodi bila kuitikiwa? Niandikieni. Wifi anasubiri nimsomee majibu yenu.