Kompyuta Iliyogoma Siku Tatu Kabla ya Kikao

Huu ni mwaka wa nne tangu nikabidhiwe ukatibu wa kamati ya msikiti wa mtaani kwetu hapa Tanga, na katika muda wote huo nimeingia kikaoni na hofu mara moja tu. Hofu hiyo haikuletwa na mtu. Ililetwa na kompyuta ya mezani iliyo pembeni mwa sebule yetu, mashine niliyoinunua ikiwa imekwishatumika, ambayo asubuhi ya Alhamisi moja ilikataa kuwaka, ilhali kikao cha hesabu za miezi mitatu kilikuwa Jumapili baada ya sala ya Alasiri.

Nilipopokea kazi hii nilikabidhiwa madaftari mawili makubwa ya jalada gumu, yenye mwandiko wa katibu aliyenitangulia, safi kama wa mwalimu wa hati. Mimi nilitoka chuo cha Kiislamu nikiwa nimeguswa pia na elimu ya kompyuta, nikaona ni aibu kijana wa zama hizi kujumlisha michango kwa kalamu ya risasi. Nikahamishia kila kitu kwenye Excel. Mzee wetu mweka hazina, mtu wa miaka zaidi ya sabini, aliniuliza neno moja tu siku ile: "Na daftari nalo, ustadhi?" Nikamjibu kwamba tutaandika kote kuwili. Na kweli niliandika kote kuwili kwa muda, kisha nikawa naandika daftarini mwisho wa mwezi, kisha nikaacha. Kwa miezi mitatu ile iliyokuwa ikisubiri kikao, daftari halikuwa na mstari hata mmoja.

Haya nayasema kwa haya, kwa sababu Ramadhani iliyotangulia mimi ndiye niliyekaa mbele ya watu nikadarsisha aya ya 282 ya Suratul Baqarah, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inayohusu kuandikiana madeni. Nilieleza vizuri sana siku ile. Watu walinipongeza.

Ndani ya mashine mlikuwa na makusanyo ya kila Ijumaa na ahadi za watu kwa ajili ya paa la madrasa. Mlikuwa pia na kitu kizito kuliko fedha: orodha ya kaya za wajane na yatima wanaopata unga na ada ya shule kutoka mfuko wa msikiti, pamoja na maelezo ya hali ya kila kaya. Baadhi yao walikuja kwangu usiku, na sharti lao lilikuwa jirani asijue. Orodha hiyo haikuwa na nakala popote.

Usiku wa kuamkia Alhamisi umeme ulikatika baada ya Isha na haukurudi mpaka karibu na Alfajiri. Niliporudi msikitini nikabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, taa ndogo ya mbele ikawaka, kisha kioo kikatoa maandishi meupe juu ya weusi yakinitaka nibonyeze kitufe fulani ili kuendelea. Nikabonyeza bila kuyasoma. Nembo ya Windows ikajitokeza, rangi ya buluu ikapita kama umeme wa radi, na mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Nembo, buluu, kiza. Nembo, buluu, kiza. Nilihesabu mizunguko minane, kila mmoja nikiufuatisha na dua.

Hapo ujuaji ukaniingia. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba kompyuta nyingi zisizowaka huwa zina uchafu kwenye ramu, kile kijibao chembamba kinachobeba kumbukumbu ya muda. Nikachomoa waya ukutani, nikashikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha kasha ili mwili wangu usipeleke cheche ndani, nikafungua. Mpaka hapo nilikuwa sahihi kabisa, na mafundi watanishuhudia. Vumbi lililokuwemo lilitosha kuota mchicha. Nikaitoa ramu, nikaisugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha binti yangu wa darasa la tatu, nikairudisha. Nikawasha. Safari hii kioo hakikuandika lolote. Mashine ikatoa milio tu, mmoja baada ya mwingine.

Mke wangu alikuwa mlangoni na birika mkononi. "Baba watoto," akasema, "mwanzo ilikuwa inaandika. Sasa haiandiki."

Kisha akaongeza kwa upole: "Na wiki iliyopita nilikwambia saa yake inachelewa."

Alikuwa ameniambia, tena si mara moja. Kwanza ilichelewa dakika, halafu saa nzima, na mimi kila siku nilikuwa nikiisogeza kwa mkono kama mtu anayenyoosha saa ya ukutani, bila kujiuliza kwa nini. Nilimjibu kwamba saa haihusiani na jambo hili. Nikapakia kasha kwenye bajaji nikaenda kwa fundi Ngamiani.

Fundi aliisikiliza mashine kwa sekunde chache akacheka. Akaisukuma ramu kwa vidole viwili mpaka vibanio vya pembeni vikalia "tak", na milio ikakoma. Kumbe kompyuta ikiwashwa hujikagua yenyewe kabla ya kazi nyingine yoyote, na ikikosa ramu haina uwezo hata wa kuonyesha maandishi, basi hulia; na idadi ya milio hutofautiana kulingana na mtengenezaji. Mimi sikuwa nimeikandamiza hadi mwisho. Lakini tukawa tumerudi palepale pa asubuhi: nembo, buluu, kiza.

"Windows imekufa, shekhe," akasema. "Tupige mpya. Vilivyoko D vitabaki, vya desktop ndivyo vitaondoka."

Vyote vilikuwa desktop. Kila faili la msikiti nilikuwa nimelitandaza pale mbele, mahali pa kuonekana haraka, kama mtu anayeweka fedha juu ya meza kwa kuwa kabati liko mbali. Fundi akanishauri nimwachie mashine mpaka kesho, ajaribu kuokoa atakachoweza. Sikuona hila kwake, na bila shaka dawa hiyo imewatibu wateja wake wengi. Ila pembeni yake kijana mmoja alikuwa akipitisha picha za harusi ya watu kutoka kompyuta ya mteja mwingine, moja baada ya moja, huku akitafuna miwa. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anapoteza muda tu. Nikawafikiria wale waliokuja kwangu usiku. Nikamshukuru fundi, nikamlipa cha taabu yake, nikarudi nyumbani na kasha mapajani.

Usiku ule nililala kidogo sana. Nilikuwa na njia mbili: kusubiri hadi Jumapili nikiomba muujiza, au kusema mapema. Ijumaa baada ya sala nikamfuata mzee mweka hazina kibarazani, nikamweleza yote, na la daftari pia. Alinyamaza muda mrefu akichezea tasbihi yake.

"Vitabu vya stakabadhi unavyo?"

"Ninavyo vyote, mzee."

"Basi hesabu haijafa. Hiyo orodha ya watu ndiyo msiba." Hakuongeza neno. Angenikemea ningepumua.

Mjumbe mmoja aliyekuwa karibu alisikia, akatania kwamba kompyuta za maofisini nazo hufa hivyo hivyo, siku ya hesabu tu. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Baadaye, nikiwa njiani, nilikiri moyoni kwamba lau ningesikia habari hii juu ya katibu wa msikiti mwingine, ningefikiri kama alivyosema yeye.

Jumamosi jioni akaja mtoto wa dada yangu anayesomea ufundi wa umeme. Nilianza kumsimulia habari za Windows, akanikatiza kwa adabu: "Mjomba, saa yake ilikuwa inakwenda sawa?" Sikuthubutu kumtazama mke wangu.

Hata hivyo hakugusa ugonjwa kwanza. Alisema mali hutolewa ndani ya nyumba kabla ya kushughulika na ukuta. Akachomoa diski, akaiunganisha kwa waya maalumu na kompyuta yake ya mapajani, akainamisha sikio. Diski inayogonga kwa ndani, alinieleza, haiwashwi ovyo, kwani kila kuwashwa huenda kukawa ndiko kwa mwisho, na hiyo hupelekwa kwa wataalamu wa kuokoa kumbukumbu. Yetu ilizunguka kimya. Mafaili yalikuwepo yote. Akasimama, akanipa kiti ninakili mwenyewe kwenye flashi yangu, na yeye akaenda zake jikoni kutafuta chai. Sikuwa nimemwambia neno kuhusu siri ya orodha ile.

Alipomaliza chai akaonyesha kidude cha mviringo kama sarafu kwenye mazabodi: betri iliyoandikwa CR2032, upana wake milimita 20, unene milimita 3.2, nguvu yake volti 3. Kipimo chake hakikufika hata volti 2. Betri hiyo ndiyo huiendesha saa ya mashine na kuhifadhi mipangilio yake ya awali wakati hakuna umeme ukutani. Waya ukiwa umechomekwa na umeme upo, betri hupumzika. Ndiyo maana yetu, ingawa ilikuwa taabani, ilijikongoja wiki kadhaa ikichelewesha saa tu. Giza la usiku mzima likaimaliza. Mipangilio ikapotea, na mashine ikarejea kwenye ile iliyotoka nayo kiwandani, ikiwemo namna ya kuisoma diski. Windows yetu ilikuwa imesimikwa chini ya mpangilio uitwao AHCI, nayo mashine ikaamka asubuhi na ule wa zamani, IDE. Ikawa kama mtu aliyerudi nyumbani na funguo za nyumba nyingine: anafika mlangoni, yaani kwenye nembo, anashindwa kuingia, anarudi barabarani kuanza upya. Na yale maandishi meupe niliyoyapita bila kusoma yalikuwa yakisema jambo hilohilo, kwamba saa na mipangilio vimepotea.

Betri mpya tuliipata duka la saa kwa bei isiyofika nauli ya bajaji zangu za Alhamisi. Kijana akaibadilisha, akaingia kwenye mipangilio, akaweka tarehe, akarudisha AHCI, akahifadhi. Nembo ikaja, buluu haikuja. Mke wangu alitangulia kusema Alhamdulillah. Halafu akauliza: "Na saa?"

Kabla ya kuondoka kijana alimwachia yeye, si mimi, maagizo mawili matatu ya siku nyingine: mashine ikisema haioni pa kuanzia, itazamwe kwanza kama kuna flashi iliyosahaulika, maana huenda inajaribu kuanzia humo, ikiwa haina dalili yoyote ya uhai, itazamwe swichi ndogo ya nyuma ya kasha, kisha soketi ijaribiwe kwa taa au chaja ya simu, na asikubali mtu apige Windows mpya kabla ya mafaili kunakiliwa. Ameyaandika nyuma ya kalenda.

Jumapili nilisoma taarifa yangu. Mzee mweka hazina akatoa kijitabu chake cha mfukoni ambacho sikujua kama anacho, akafuatisha kila mwezi kwa kidole. Mwezi wa pili akasimama. Kati ya hesabu yake na yangu kulikuwa na tofauti ya shilingi 15,000. Tukafungua kitabu cha stakabadhi mbele ya wajumbe wote: nilikuwa nimeruka stakabadhi moja ya mchango wa paa wakati wa kuingiza. Kosa langu, wala si la betri. Likasahihishwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na yule mjumbe wa utani ndiye aliyeunga mkono taarifa ipokelewe.

Orodha ya kaya sasa iko kwenye karatasi pia, ndani ya bahasha iliyofungwa, katika kasha la msikiti lenye funguo mbili, mmoja kwangu na mmoja kwa mwenyekiti. Na daftari nimelirudia tangu Jumatatu ile. Baada ya Isha mke wangu hunisomea vipande vya stakabadhi, mimi naandika. Husoma haraka kuliko mkono wangu, nami humwomba arudie. Juzi tulikuwa katikati ya mwezi wa pili umeme ulipokatika. Binti yetu akaleta tochi, akaishika juu ya daftari, tukaendelea.