Haki ya Mama Aliyebaki Katika Dini Yake



Alhamisi moja ya mwezi uliopita, baada ya darsa ya akina mama, wenziwe walikwisha kuvaa viatu na kuondoka, akabaki mwanamke mmoja ameketi karibu na mlango. Alituambia kwamba mama yake mzazi, ambaye ni Mkristo, amelazwa na maradhi nyumbani kwao Rabai, na hana binti mwengine wa kumwangalia. Je, yafaa yeye kwenda kumuuguza, ilhali ukutani mwa nyumba ile mna msalaba, na watu wa kanisa huja kumwombea kila Jumapili? Na Mwenyezi Mungu akimchukua, yafaa kuhudhuria maziko yake? Mumewe hakumkataza. Aliyemtia hofu ni jirani, aliyemwambia kwamba atakayekanyaga huko ameuza dini yake.

Hatukumjibu papo hapo. Huenda alidhani tunatafuta dalili. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumeingiwa na haya, kwani swali hilo tuliwahi kuulizwa zamani, ndevu zetu zikingali nyeusi, na jawabu tulilolitoa lingali linatusumbua.

Wakati huo alitujia mwanamke aliyesilimu kabla ya kuolewa. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi ile huko Wundanyi, naye alikuwa na nauli mkononi. Tulimwambia asiende, kwa kuwa huko kutaimbwa na kusaliwa kwa namna isiyo yetu. Maneno yetu hayakuzidi mawili matatu, wala hatukufungua kitabu. Aliitikia, akairudisha ile nauli mkobani, akaenda zake. Baada ya mwaka hivi alimwambia mke wetu kwamba ndugu zake hawasemi naye tena. Hakuwa akilalamika. Alitaka tu aombewe dua.

Kitabu tulikifungua baadaye, na tulilolikuta halikuwa limefichwa. Bi Asmaa binti Abubakar, radhi za Allah ziwe juu yake, alijiwa Madina na mama yake katika ile muda ya mapatano na Makureshi. Mama huyo alikuwa angali mshirikina, mwenye kuabudu masanamu, wala si katika Watu wa Kitabu. Bi Asmaa akamwendea Mtume (s.a.w.) kumuuliza kama amuunge mama yake, naye akamwamuru amuunge. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Katika Suratul Mumtahana, aya ya 8, Mwenyezi Mungu ametubainishia kwamba hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Na katika Surat Luqman ametuamuru tusiwatii wazazi wanapotushurutisha shirki, kisha akatuamuru papo hapo tukae nao kwa wema duniani. Mambo hayo mawili yamewekwa katika aya moja. Sisi tulishika la kwanza, tukaliacha la pili.

Ama maziko, Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata katika mwambao huu, ameruhusu Muislamu kumwosha jamaa yake asiye Muislamu, kuifuata jeneza yake na kumzika. Alilolizuia ni kumsalia. Nasi tulikuwa tumesomeshwa fiqhi ya Shafi tangu utotoni!

Tumejiuliza mara nyingi ukali ule ulitoka wapi, maana haukutoka vitabuni. Tunadhani sehemu yake imetoka katika historia ya mji wetu. Wareno waliuteka na kuuchoma mji wa Mombasa mwaka 1505, na mwaka 1593 wakaanza kuijenga ngome waliyoipa jina la Yesu. Mtoto wa Mombasa aliyekua akiitazama ngome ile yenye mizinga ni tabu kumfahamisha kwamba jina hilo ni la Nabii Isa, amani iwe juu yake, ambaye bila ya kumwamini imani yetu haitimii. Kisha zikaja shule za mishonari, na hofu ya wazazi kwamba mtoto atakwenda kusoma hesabu arudi na jina jengine. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, wala hatuwacheki waliokuwa nayo.

Lakini historia hiyo hiyo ina upande mwengine. Mwaka 1844, Johann Ludwig Krapf, mmishonari wa Kijerumani, aliwasili Mombasa akiwa na barua ya Sayyid Said wa Unguja ya kuwaagiza maliwali wake wampokee kwa wema, na Sayyid alijua vyema mtu yule amekuja kufanya kazi gani. Haikupita miezi mingi, homa ikamuua mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Miaka miwili baadaye Krapf na mwenziwe Rebmann wakapiga kambi Rabai, na ndiko alikozaliwa mama wa muulizaji wetu. Basi ukoo huu wenye dini mbili haukuanza jana.

Hapa yatupasa tuwe wawazi, kwani wapo wanaosema kwamba dini hizi mbili ni kitu kimoja chenye majina mawili, na kwamba tofauti zimetiwa na masheikh na mapadri. Sivyo. Sisi twaamini kwamba Isa ni mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake, wala hakusulubiwa. Wao wamesimamisha dini yao juu ya msalaba huo huo, na juu ya kuwa yeye ni Mwana wa Mungu. Hakuna adabu ya ujirani inayoweza kulifuta hilo, wala haitakiwi kulifuta.

Mfano wetu katika hilo ni Jaafar bin Abi Twalib. Waislamu walipohamia Uhabeshi kuikimbia adha ya Makka, walikuwa wageni wa mfalme Mkristo, Najashi, hawana jeshi wala mali. Habari zao ametusimulia Bi Ummu Salama, aliyekuwa miongoni mwao. Jaafar aliombwa asome, akasoma mwanzo wa Surat Maryam, mfalme akalia mpaka ndevu zikarowa. Lakini siku ya pili wajumbe wa Makureshi wakachochea kwamba watu hawa humsema vibaya Isa. Waliitwa tena. Ilikuwa rahisi kwa Jaafar kuuma maneno; maisha ya wanawake na watoto yalikuwa mikononi mwa yule mfalme. Alimwambia kwamba Isa ni mja wa Allah, Mtume wake, na neno lake alilompelekea Maryam. Hakuongeza wala hakupunguza, na Najashi akawapa amani.

Basi yule mwanamke tulimwambia aende. Achukue nyama yake kutoka hapa Mombasa, apike mwenyewe, ale na mama yake. Watu wa kanisa wakija, awapokee, awaandalie chai, na wanapoanza sala zao atoke akachote maji au akafue. Hapana haja ya kukunja uso. Maadamu mama yuko hai amwombee afya na uongofu usiku na mchana. Akifa katika dini yake, amwoshe akitaka, amfuate mpaka kaburini, arudi. Asimsalie, wala asimwombee maghfira, kwani hilo limekatazwa. Neno hili la mwisho lilimliza, na sisi hatukuwa na njia ya kulilainisha. Tulikaa naye mpaka akanyamaza.

Juzi alituletea salamu kwa simu. Mama bado yuko kitandani. Siku ya kwanza binti alipotafuta pembe ya kusalia, mama aliuliza Kibla kiko upande gani, akawaamuru wajukuu wakisogeze kitanda chake ili mtoto wake apate nafasi. Ule msalaba uko kwenye ukuta mwengine, naye hakuulizwa wala hakuutaja.

Na yule wa kwanza, tulikwenda kwake pamoja na mke wetu tukamtaka radhi. Alitupa kahawa na kaimati. Alisema ametusamehe zamani. Kisha akasema, akitazama chini, kwamba kaburi la mama yake hajaliona mpaka leo. Tumekwisha kuzungumza na mumewe. Shule zikifungwa atampeleka Wundanyi, inshaallah.