Ukuta wetu haufiki juu

Vijana wenzangu, na nyinyi mnaotusaidia, leo naongea habari ya ukuta.

Hapa Nyakabiga wengi wetu tunapanga vyumba vya aneksi: parseli moja, mlango baada ya mlango, bati moja juu yetu sote. Ukuta kati yangu na jirani haufiki kwenye bati, juu pako wazi. Namsikia mama jirani akihesabu pesa ya makala, na yeye anajua kwetu tumekula nini.

Rafiki yangu aliyehamishiwa Ujerumani naye anaishi nyumba iliyoshikana na zingine. Kule zina majina yake: zikiwa mbili ni Doppelhaus, zikifuatana mstari ni Reihenhaus. Sheria inazitambua. Mwaka 2000 mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ilisema hivi: ukishikanisha nyumba na ya jirani, kila mmoja ameacha nafasi ya upande wake, basi kila mmoja anamwangalia mwenzake anapojenga. Na kanuni za moto zinataka ukuta wa katikati uzuie moto, na hata kwa nyumba fupi upande mpaka chini kabisa ya paa.

Hapo ndipo nilipowaza kwetu. Usiku mmoja umeme ulikatika, mshumaa ukashika chandarua chumba cha tatu. Moshi ulipita juu ya kuta zote kabla hatujafungua milango. Mtoto alilia, tukamsikia, tukatoka na ndoo. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Wengine wanasema ule uwazi ndio ulituokoa, kwa sababu tulimsikia. Sawa, lakini watoto wa vyumba vingine walikohoa mpaka asubuhi, na dakika chache zaidi bati lote lingewaka.

Ujirani tunao tayari, hatuhitaji tundu ili tusaidiane. Tunachokosa ni mistari michache ya matofali.

Kwa hiyo, ukienda kuona chumba, kabla ya kutoa garanti inua macho juu. Ukuta haufiki? Muulize mwenye parseli, na mwende wapangaji wote pamoja, mmoja peke yake atafukuzwa. Na nyinyi mnaolipia familia kodi, mkija kukagua, msihesabu vitanda tu. Angalieni na juu.

Wako ukoje? Tuandikie.