Kompyuta Kuukuu, Linux na Suala la Zabuni

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilihitimisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, wanafunzi wamekuwa wakiniuliza iwapo kompyuta zao zimekufa. Hazijafa. Windows 11 hudai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na prosesa zilizomo katika orodha maalumu. Mashine nyingi za kabla ya 2018 hazitimizi masharti hayo, ingawa skrini, kibodi na nguvu zake ni timamu. Anayeamua umri wa mali yako, basi, ni mtu ambaye hajapata kuiona. Kwangu hilo ni suala la kisiasa kabla halijawa la kiufundi.

Mimi hutumia Linux Mint katika kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 4, na huwashauri wengine kwa sharti moja: usifute chochote kabla ya kujaribu. Flashi ya GB 8 yatosha. Andalia mfumo humo, washa kompyuta kwa flashi hiyo, uitumie saa nzima bila kugusa diski. Anza na Wi-Fi. Baadhi ya chipu za Broadcom huhitaji programu ya ziada, na kuipakua programu ya mtandao bila mtandao ni kitendawili. Kiteguo chake ni kuunganisha simu kwa waya wa USB na kutumia intaneti yake. Kisha funga kifuniko, ukifungue, uone kama mashine inaamka. Chomeka projekta. Chapa ukurasa mmoja. Modemu za USB nazo zina kituko chao: nyingi hujitambulisha kwanza kama diski yenye programu za Windows, mpaka zana iitwayo usb_modeswitch izigeuze kuwa modemu. Kisomaji cha alama za vidole ndicho kinachogoma mara nyingi. Changu nimekwisha kukisamehe.

Sisi wapenzi wa programu huria hupenda kuhubiri uhuru. Lakini mtumishi wa umma ambaye printa imemgomea saa nne asubuhi, watu wakiwa foleni, hahitaji hotuba. Lugha haikuwa kikwazo kamwe: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Kikwazo kimo katika vifaa, na vifaa huchaguliwa na waandishi wa zabuni. Sentensi moja ingetosha: kwamba printa ikubali kiwango cha IPP Everywhere, ambacho huiwezesha kuchapa bila programu ya mtengenezaji. Na sampuli zikiletwa, kamati imtake mzabuni awashe kompyuta kwa flashi ya ofisi, aunganishe printa na projekta mbele yao, kabla ya yeyote kutia saini.