Nikaha ya Shimoni



Jumamosi iliyopita nilialikwa Shimoni, Kaunti ya Kwale, kuozesha. Tulivuka kivuko cha Likoni mapema, tukapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, kisha tukashika njia ya kushoto iteremkayo hadi baharini, mkabala wa kisiwa cha Wasini. Bwana harusi ni kijana wa mtaani kwetu. Bibi harusi ni Mpemba, mzaliwa wa papo hapo, na mamake pia ni mzaliwa wa papo hapo.

Garini, shangazi mmoja wa bwana harusi alisema: "Tahadharini na vyakula vya huko. Wapemba nao na majini yao!" Watu wakacheka. Nami, mwenye kilemba kichwani, nikatabasamu.

Wapemba hawakuja jana. Wako waliovuka kufuata samaki tangu zama za ukoloni, na wako waliokimbia baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Walienea Kwale, Mombasa na Kilifi, wakaoa na kuolewa, lakini kwa miaka mingi wengi wao hawakuhesabiwa kuwa raia. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walilazimika kutembea kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikizwa. Zamu ya Wapemba ilifika 2023.

Baada ya nikaha, nyanyake bibi harusi alifungua pindo la leso, akanionyesha kitambulisho chake.

"Shekhe, marehemu mume wangu alivua umri wake wote bila ya leseni, kwani leseni ni ya mwenye kipande. Doria ikija, hujificha mikokoni. Mwanangu alifaulu mtihani, asiende chuo. Hata laini ya simu tuliandikisha kwa jina la jirani."

Nikamwambia, "Alhamdulillah, mama, dhiki imekwisha."

"Ya serikali imekwisha. Ya watu bado. Masinia ya wageni wako yamerudi jikoni yamejaa."

Sikuwa na jawabu. Nikaomba sinia moja lirudishwe, nikanawa mikono, nikala pilau ile mbele ya watu wote. Wawili watatu wakaja kuketi nami. Wengine hawakuja.

Njiani kurudi niliwaambia wenzangu kwamba nilikosea asubuhi kwa lile tabasamu langu. Garini kukawa kimya. Tulipofika Likoni, shangazi akasema, "Shekhe, mimi nilikuwa natania tu."

"Nami ndivyo nilivyojiambia, dada yangu. Lakini yule mama hakuuona mzaha. Aliyaona masinia."

Ndugu zangu, katika Sura Al-Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amekataza watu kudharauliana, na hakutosheka kuwataja wanaume. Wanawake nao amewataja mbali. Aya ya 13 inatufunza kuwa makabila yamewekwa ili tujuane. Serikali yaweza kutoa kitambulisho, lakini haiwezi kumlazimisha mtu kula kwa jirani yake. Hilo hufunzwa nyumbani.

Binti yule sasa yuko mtaani kwetu. Inshallah atazaa, na watoto wake watacheza na wajukuu zetu. Neno tutakalolisema jikoni kuhusu kwao mama yao, watalisikia.

Wabillahi tawfiq.